Mazoezi nayo ni kazi, na nyumbani kuna watu wanatusubiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu ambaye barua yake mliitoa wiki iliyopita, yule aliyeandika kwamba mwanamke anayeigiza jukwaani hawezi kukaa na mume wala kulea watoto wakaleleka, kwa sababu eti maisha yake yote ni usiku na kushikana shikana na waume za watu. Niliisoma asubuhi nikaiacha, jioni nikaisoma tena, nikaona nikinyamaza ni sawa na kukubali. Mimi ni mwigizaji wa jukwaani, sio wa filamu, wa jukwaani kabisa, nimesoma pale Bagamoyo kwenye chuo cha sanaa ambacho sa hivi tunakiita TaSUBa, nina mume, nina watoto wawili, tunakaa Tabata, na hii kazi ndo imetusaidia kulipa kodi ya nyumba na ada kwa miaka mingi tu pamoja na kazi ya mume wangu ambaye ni fundi umeme.

Kuna kitu kimoja amesema kweli na sitaki kukificha. Nyumba nyingi za watu wa jukwaani zina shida, nimeona wenzangu wameachika, nimeona dada mmoja mwenye kipaji kikubwa sana ambaye mpaka leo nikimkumbuka alivyokuwa anaigiza bibi kizee wakati ana miaka 24 nasisimka, ameacha sanaa kabisa anauza vitenge kwa sababu ndugu wa mume walimchosha. Hayo yapo. Ila sababu aliyoitoa huyo msomaji siyo. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi yetu hailipwi, na hiyo sehemu isiyolipwa kuna watu wanaibeba, nao ni mume, mama mkwe, shangazi, dada wa kazi na mtoto mkubwa wa kike. Hilo ndo nataka watu walijue.

Mtu akija kutuangalia anaona lisaa limoja na nusu, watu wanaingia wanatoka, wanalia wanacheka, mwisho mnainama watu wanapiga makofi anaondoka. Kabla ya hapo kuna wiki sita, mara nyingine nane. Mnaanza kwa kukaa mezani mnasoma skripti yote, kila mtu na sehemu yake, mwongozaji anawasimamisha kila baada ya mistari michache anauliza huyu mtu hapa anataka nini, mbona anasema hivi wakati dakika mbili nyuma alisema vile. Halafu mnasimama mnaanza kupanga nani anaingia upande gani na nani anakaa kwenye kigoda, mnaandika kwa penseli kwa sababu kesho mwongozaji atabadilisha. Inafika siku anasema kuanzia Jumatatu sitaki kuona karatasi mkononi mwa mtu, hapo ndo mnaheshimiana. Kuna nyimbo na ngoma, maana tamthilia zetu hazikai bila ngoma, mwili unatakiwa ufanye kazi na sauti isikatike, mtu aliyekaa wiki nzima bila kufanya mazoezi ya pumzi unamsikia tu anavyohema. Mnakuja kwenye mazoezi na maleba, yaani mavazi ya jukwaani, mazoezi na taa kama ukumbi una taa. Yote haya ili muonyeshe Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na watu wakijaa siku mbili kati ya hizo tatu mnashukuru.

Sasa malipo yanahesabiwa kwa onyesho. Zile wiki sita unapewa nauli, ukibahatika na chai na chapati mbili. Na kwa kuwa hazina hela, kila mtu lazima awe na shughuli nyingine mchana, mmoja anafundisha twisheni, mwingine yuko saluni, mwingine ana kibanda cha kutoa na kuweka pesa kwenye simu, mwongozaji mwenyewe ana vipindi chuoni, basi muda pekee ambao watu wote mnaweza kukutana ni kuanzia saa 11 jioni mpaka saa 3 au saa 4 usiku. Naomba huyo msomaji asome hapa taratibu. Huo usiku anaoulalamikia hakuna mwanamke aliyeuchagua kwa sababu anapenda kuzurura, umetokana na mazoezi kutolipwa, yangekuwa yanalipwa tungefanya kuanzia saa 3 asubuhi mpaka saa 9 kama watu wengine wa maofisini na saa 12 jioni mimi niko nyumbani nakata mchicha.

Na sio kwamba tukirudi nyumbani kazi imeisha. Mistari naishika jikoni. Binti yangu mkubwa tangu alipojua kusoma ndo mtu wangu wa mazoezi, anakaa kwenye ndoo aliyoigeuza, skripti iko mapajani, anasoma wahusika wengine wote mimi najibu wa kwangu huku nasonga ugali, nikiruka neno hata moja ananirudisha, mama umesema "nitarudi" hapa wameandika "sitarudi". Kutoka hapo anaenda kufanya homuweki yake. Mdogo wake wa kiume nyimbo zote za maonyesho anazijua, anaziimba akioga. Asubuhi kwenye daladala naweka spika za masikioni nasikiliza voisi za kikundi, tunarekodi matukio tunatumiana kwenye WhatsApp, nikishuka Mwenge nakuwa nimepitia tukio zima mara kadhaa. Kuna usiku mmoja nilikuwa peke yangu na watoto nafanya tukio la mwanamke anayefukuzwa kwa mumewe na limeandikwa kwa nguvu kweli, nikasikia mlango unagongwa, ni jirani yangu kajifunga kanga kiunoni na mwiko mkononi, "Mama Tuma, kuna usalama humo ndani?" Nikamwonyesha skripti. Yule mama nampenda sana, alikuja tayari kuamua ugomvi usiku ule peke yake, na yeye ndo mpaka leo nikichelewa wanangu wanakula kwake.

Halafu vyombo. Watu wakiona jukwaani kuna kinu, ungo, mkeka, sufuria la shaba, taa ya chemli, wanadhani kuna stoo. Vikundi vingi havina stoo, hiyo ni mali ya waigizaji. Kinu changu kimeshaenda jukwaani kuliko mimi, sufuria zangu zimeshapigwa chini kwenye matukio ya ugomvi, kanga mpya ambayo niliwekewa na mama yangu ilipakwa rangi nyekundu ikawa kanga ya marehemu. Hakuna anayelipia hivyo vitu, vinatoka nyumbani vikirudi vinarudi vimechoka, na mume anaona.

Mume wangu nimwongelee kidogo kwa sababu huyo msomaji amesema waume zetu wamekaliwa. Mume wangu anapika, ugali wake mgumu kidogo lakini watoto wanakula wanashiba, anawapeleka shule, anafua sare zao Jumamosi. Kaka zake walimkalisha kikao juu yangu, wakamuuliza unakubalije mkeo arudi saa 5 usiku. Akawaambia mimi nilivyokuwa saiti Dodoma miezi minne naweka nyaya kwenye majengo ya serikali hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza nani anapika kwangu, na huyu aliyekuwa anapika ndo huyo mnayemsema. Walinyamaza. Dar hii walinzi wanakesha kazini, madereva wa malori wanaenda Tunduma na Kapiri Mposhi wanakaa wiki tatu, manesi wanaingia zamu ya usiku, na wote hao tunawapa pole na kazi. Mwigizaji akitoka mazoezini saa 4 anaitwa majina ambayo siwezi kuyaandika kwenye gazeti ambalo na watoto wanasoma.

Hilo jina baya nalo lina historia yake, halikuanguka tu kutoka juu. Shangazi yangu, dada yake baba, miaka ya 70 mwishoni alikuwa kwenye kikundi cha sanaa cha kiwanda kimoja cha nguo hapa Dar. Wakati ule mashirika ya umma mengi yalikuwa na vikundi vyake, jeshi lilikuwa nacho, magereza, na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam lilikuwa na DDC Kibisa. Serikali yenyewe ilikuwa na vikundi vya taifa vya ngoma, vya sarakasi na vya maigizo, wale wa sarakasi walipelekwa mpaka China kusoma, baadaye vikavunjwa na mwaka 1981 ndo kikaanzishwa chuo cha Bagamoyo. Shangazi alikuwa ameajiriwa kama mfanyakazi wa kiwanda, ana mshahara, ana likizo, akitoka kwenye mashine mchana anaenda mazoezi ndani ya saa za kazi, wanaonyesha Mei Mosi, Saba Saba, wakija wageni wa serikali, na jioni yuko nyumbani kwake anapika. Amezaa watoto sita na ndoa yake ilidumu mpaka mumewe alipofariki, na hakuna mtu mtaani kwao aliyewahi kumwita mhuni, walikuwa wanamwita msanii wa kiwanda na walikuwa wanaona fahari.

Halafu viwanda vikafa au vikauzwa, vikundi vikafa navyo. Waliobaki wakaenda kutafuta hela ilipo, na hela ilikuwa kwenye kumbi za baa. Hapo ndo enzi za Muungano Cultural Troupe na TOT, yaani Tanzania One Theatre, ya marehemu Kapteni Komba, jamani wale watu walikuwa wakali, mtu unalipa kiingilio unaangalia ngoma, sarakasi, vichekesho, igizo na taarabu usiku huohuo mmoja, nimeenda mdogo nimeshikwa mkono na shangazi huyohuyo na nadhani hapo ndo nilipoamua nitakuwa nani. Ila onyesho sasa limehama kutoka kiwandani mchana limeenda baa usiku, na mwigizaji mwanamke ambaye juzi alikuwa mfanyakazi mwenye kadi, leo watu wanamwona anatoka baa usiku wa manane. Sanaa ilikuwa ileile, mikono ileile, kilichobadilika ni anayelipa na saa anazolipa. Msomaji mwenzangu amelaumu mwanamke kwa kitu ambacho kilibadilishwa na uchumi.

Tangu miaka ya 90 kazi kubwa ya jukwaa hapa kwetu imekuwa ya mashirika yasiyo ya serikali na wafadhili, ukimwi, mimba za utotoni, vyandarua, vyoo bora, ukatili wa kijinsia. Mnaenda wilayani, mnakaa na wanakijiji mnasikiliza wanaishije, mnatengeneza igizo kutokana na hayo, mnaigiza chini ya mwembe halafu mnasimama watu wanajadili, mwingine anaingia mwenyewe uwanjani anaonyesha yeye angefanyaje. Ni kazi nzuri na mimi naiheshimu sana, nimeona mzee mzima anasimama mbele ya kijiji analia kwa ajili ya binti yake. Posho yake ina nafuu kuliko ya jukwaa la mjini ingawa mara nyingi inakuja mmesharudi na miezi imepita. Tatizo ni umbali na muda. Nimewahi kuwa Lindi vijijini naigiza mama anayewaambia wazazi wenzake wakae na mabinti zao wazungumze nao wanapoanza kukua, na wiki hiyohiyo binti yangu akavunja ungo huku Tabata. Shangazi yake ndo aliyemkalisha akamfundisha, na kwa mila zetu hiyo ni kazi ya shangazi hasa, amefanya vizuri na mwanangu hakupungukiwa kitu. Lakini nilitaka niwepo hata kwenye chumba cha pili tu. Simu ilikuwa haishiki, ilibidi nipande kichuguu kutafuta mtandao.

Na mdogo alipozaliwa nilirudi jukwaani akiwa na miezi minne. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwajiriwa akijifungua ana likizo ya siku 84 yenye malipo, wakiwa mapacha siku 100, na akirudi anaruhusiwa kunyonyesha wakati wa kazi kwa muda usiozidi masaa mawili kwa siku. Inasema pia kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Nimezisoma hizi mwenyewe. Ila zote zinamhusu mwajiriwa, na sisi hatuajiriwi, tunaitwa, unapigiwa simu dada kuna kazi njoo, mkataba hakuna, ukiwepo ni wa karatasi moja na umeandikwa idadi ya maonyesho tu. Kwa hiyo sikuwa na likizo ya mtu yeyote, nilikaa nyumbani mpaka hela ikaisha. Kunyonyesha nilinyonyeshea nyuma ya pazia katikati ya tukio langu la pili na la nne, kwenye kachumba ka kuwekea viti vibovu, mtoto akiwa amelala anashikwa na mpiga ngoma wetu ambaye akiwa na zamu ya kupiga anampokeza fundi wa maleba, mpokezano hivyohivyo mpaka onyesho linaisha. Wale watu ni ndugu zangu, mwanangu anawaita wajomba mpaka leo. Mkono wa kusaidiana tunao tena mkubwa, tunachokosa ni kuhesabiwa kama watu wanaofanya kazi.

Nataka nieleze na upande mwingine, kwa sababu isije ikaonekana nalalamika tu. Kuna mwaka kikundi chetu kilipata kuonyesha tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein kwenye shule moja ya sekondari, mchana, saa 7 baada ya chakula cha wanafunzi. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kutoka Kipatimu, huko Kilwa, kwa ajili ya matibabu ya macho na alikuwa hajawahi kuniona jukwaani, na nilijua ana maneno yake moyoni, mtu mzima akikaa kimya unajua. Kwa kuwa ilikuwa mchana na shule haikuwa mbali nikamwambia mama twende. Akaja na wajukuu zake, akakalishwa mbele na walimu. Sasa waliosoma kile kitabu wanajua kwamba vita yote ile ya Maji Maji mwandishi hakuianzisha na mashujaa wenye mikuki, ameianzisha na wanawake wawili wanakutana wanalalamika njaa, hakuna chakula, wanaume hawapo wamepelekwa kulima shamba la Mjerumani. Yaani ameanzia nyumbani. Mimi nilikuwa Bi Kinjeketile.

Mama mkwe ni Mmatumbi, vita vile vilianzia huko kwao, Nandete, Julai 1905, walipong'oa pamba. Habari zake amezisikia kwa bibi yake. Tulipoanza kuongea njaa mimi na mwenzangu nikasikia sauti yake kutoka kule mbele, "Ehee, ndivyo walivyosema," sio kwa kunong'ona, kwa sauti kabisa kama tuko naye barazani, na kila nikisema kitu anaitikia, wanafunzi mwanzoni wakageuka kumwangalia halafu na wao wakaanza kuitikia, mpaka tukio linaisha uwanja mzima unatujibu. Sijawahi kupata onyesho kama lile kwenye ukumbi wowote wenye taa na viti vya kukunja. Jioni nyumbani wakati tunakula akaniambia, "Mwanangu, kazi nimeiona. Lakini ule ungo wa chakula mwanamke wa kwetu hashiki vile." Akanyanyuka na macho yake yale yanayouma akachukua ungo wangu akanionyesha, mkono huu chini, huu ukingoni, kiuno kinafanyaje, akanirudisha mpaka nikapata. Maonyesho yaliyofuata nimeshika ungo kama alivyonifundisha. Kipatimu akawaambia watu mkwe wake anafundisha watoto habari za mababu, na maneno ya ndugu juu yangu yakapungua sana kuanzia hapo.

Ile ilikuwa mchana, Mhariri. Saa 10 tulikuwa tumeshafungasha vyombo na saa 12 wote tuko nyumbani kwetu. Wanafunzi wa sekondari nchi nzima wamesomeshwa tamthilia ya Ngoswe ya marehemu Edwin Semzaba kwa miaka na miaka, wameandika insha, wamekariri majina ya wahusika kina Mazoea na Ngengemkeni Mitomingi kwa ajili ya mtihani, na wengi sana hawajawahi kuiona ikichezwa na waigizaji wa kazi hata mara moja. Tamthilia haikuandikwa ikaririwe, iliandikwa ichezwe. Wenzetu Kenya wana vikundi ambavyo kazi yao kubwa ni hiyo, wanazunguka shule na gari lao wanacheza vitabu vya mtihani, kila mwanafunzi analipa kidogo, na waigizaji wana kazi ya kueleweka ya mchana. Siyo kwamba huko hawana shida zao, lakini mtu anajua Jumatano yuko shule gani na atarudi saa ngapi. Kwa nini sisi tushindwe wakati shule tunazo, vitabu tunavyo, na waigizaji waliosomea Bagamoyo na Chuo Kikuu pale Mlimani wako mtaani wanauza vocha?

Kwa hiyo mimi naomba vitu ambavyo vinawezekana. Mashirika na wafadhili mnapoandika bajeti ya onyesho andikeni na mazoezi kama mstari wake, hata iwe kiasi kidogo kwa siku, na msiseme mazoezi ni mchango wa msanii, fundi wa jukwaa la mbao hamumwambii kupima mbao ni mchango wake. Onyesho likiisha baada ya saa 3 usiku muwe na gari la kurudisha watu majumbani, kwa sababu bajaji kutoka Mlimani mpaka Tabata usiku ule inakula nusu ya ulichopata, na wasichana wadogo wanaoanza ndo wanaopata shida zaidi, wanaishia kulala kwa watu ili kukuche. Vikundi vyetu wenyewe tuandikiane mikataba, tusiogopane, iandikwe mazoezi yanaanza saa ngapi yanaisha saa ngapi na yakizidi inakuwaje, maana na sisi kwa sisi tunaumizana, mwongozaji anasema bado dakika kumi inakuwa saa nzima na kuna mtu ana mtoto mchanga nyumbani. Na serikali, tunashukuru kuna Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unatoa mikopo, lakini mkopo unamfaa mtu mwenye kitu cha kuuza mara nyingi, mtu wa filamu au wa muziki, sisi tunaocheza siku tatu kwenye ukumbi wa watu mia mbili tutaurejesha na nini? Tupewe ruzuku ya kuzunguka shuleni mchana, Wizara ya Elimu na ile ya Utamaduni wakae meza moja walizungumze.

Huyo msomaji aliyeandika wiki iliyopita mimi simchukii. Alimaliza barua yake kwa kusema hataruhusu binti yake aingie kwenye sanaa. Hiyo ni haki yake kama mzazi. Binti yangu mimi juzi kaniambia anataka kusoma uandishi wa tamthilia, na nimekaa nalo hilo neno siku kadhaa, sio kwa sababu naona aibu, kwa sababu najua hesabu zake. Kipaji anacho, wahusika wangu wote ameshawasoma kuliko mimi. Namwombea akifika umri wa kuanza kazi akute mazoezi yanalipwa.

Na nyie gazeti naomba kwenye kurasa zenu za burudani mtoe ratiba ya maonyesho ya jukwaani mkiyapata, hata mistari miwili, mahali, siku na saa, maana watu wengi hawaji kwa sababu hawajui. Na kama kuna mwalimu wa Kiswahili anasoma hapa na shule yake ina ukumbi au hata uwanja wenye kivuli, Januari mpaka Machi huwa hatuna kazi nyingi, awaachie nyie mawasiliano mtatupa. Jukwaa hatuhitaji, tunahitaji sehemu ya kubadilishia nguo, maji ya kunywa, na kama ipo jikoni kwenu, kinu.

Mama Tuma,
Mwigizaji, Tabata, Dar es Salaam